Masale ya Kwa Mzee Anaeli

Mwika, Jumatano jioni

Mwanangu Haika,

Ninakuandikia kulijibu swali uliloniuliza jana jikoni mbele ya bibi yako, nami nikalikwepa. Uliuliza kama nina wivu na wewe. Jibu ni ndiyo. Ninakuandikia pia kwa sababu wivu huo umenifanya nikufiche jambo linaloihusu ikisiri yako, ule muhtasari wa utafiti wako ulioutuma mkutanoni, na jambo hilo haliwezi kuvuka Jumatatu, siku ambayo kamati ya mkutano itafunga mlango wa marekebisho.

Kesho asubuhi unakwenda Arusha kuanza mafunzo yako, na barua hii utaikuta juu ya nguo zako utakapofungua begi. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, wala watu wa kukaa nao mbali, wala namna ya kukunja fulana. Hayo bibi yako amekwisha kuyasema, na aliyoyasahau atayasema kesho barabarani gari likiwa linakusubiri. Sasa hivi yuko uani anapepeta maharage, na wewe umekwenda kanisani kuwaaga wanakwaya. Nina nafasi ya kuandika bila kuitwa.

Nianze na jana. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda ukimenya ndizi za mtori, mikono umeipaka mafuta ili utomvu usishike, ukasema bila kuinua macho, "Mama, naomba nikuulize kitu, ila usikasirike."

"Uliza."

"Una wivu na mimi?"

Bibi yako akaacha kukoroga. "Haika, hilo ni swali la kumwuliza mama yako?"

"Nimeomba ruhusa, Bibi."

"Umeomba ruhusa ya kuuliza. Hukusema utauliza hilo." Kisha akanigeukia. "Haya, Mama Haika, mjibu basi. Mtoto anaondoka, na mimi moshi unaniingia machoni."

Nikasema kwamba wivu ni kazi ya watu wasio na kazi, nikachukua panga, nikatoka kwenda kumkatia ng'ombe majani. Ng'ombe alikuwa amekwisha kula. Nikiwa nje nilimsikia bibi yako akikwambia, kwa sauti ya mtu anayeonja chumvi, "Amejibu."

Usidhani wivu huu ulianza siku ulipozaliwa. Nilikuwa kidato cha tano ulipokuja, na nimekwisha kuona jinsi sauti yako inavyoshuka kila mazungumzo yanapokaribia habari hiyo, kana kwamba uliingia mahali bila kubisha. Hukuwa na kosa, na siku zile sikukuonea wivu; nilikuogopa, basi. Bibi yako alinipa chumba cha nyuma, akakubeba wewe mgongoni mwake, nami nikarudia mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baadaye nikafundisha kwa mkataba, kisha nikaingia chuoni wakati wenzangu wa zamani walikuwa tayari wanafundisha vyuoni. Mwaka jana nilivaa joho. Unakumbuka mjomba wako alivyotupakia kwenye pikapu yake, akaendesha polepole tangu njiapanda ili majirani wanione vizuri, nami nikakataa kuvua kofia ingawa upepo ulikuwa unaipeperusha. Niseme wazi kwamba ninapenda kuonekana. Ninapenda jina langu lichapwe, na shahada yangu isomwe baada yake.

Siku ile ile, pale nyumbani, mgeni wa kwanza kunishika mkono alisema, "Hongera sana, Mama Haika. Na Haika naye, matokeo ya kidato cha sita yanatoka lini?" Nilikuwa bado nimevaa joho. Nikamjibu kwa adabu kwamba yanatoka karibuni, nikaenda kumimina soda. Hapo ndipo wivu ulipoanza, mwanangu, nikiwa nimeshika chupa ya soda, ukumbini kwangu mwenyewe, siku ya kuhitimu kwangu.

Kisha tukafanya kazi pamoja, na nataka ujue kwamba zile zilikuwa siku nzuri za maisha yangu, hata kama sasa naziandika kwa mkono mgumu. Nilikuwa nahesabu nyuki wanaotua kwenye maua ya kahawa. Wewe ulikuwa unasubiri nafasi ya masomo, ukaanza kunifuata vihambani, kwenye mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, kwa sababu, ulisema, umechoka kukaa na bibi akikusimulia wagonjwa wote wa ukoo. Mimi nilibaki kwenye kahawa. Wewe ukapotelea kwenye masale, ile mimea ya mipakani.

Nimelelewa kuliona isale kama neno la mwisho. Likishapandwa mbele ya ukoo, kihamba kimeishia hapo, na mgeni mwenye adabu husimama upande wa njia, akabisha hodi, akangoja. Uzio wa seng'enge unaweza kusogezwa usiku. Isale halisogezwi, na anayeling'oa anajitafutia kikao cha wazee. Kwa hiyo nilipolitazama niliona mstari. Wewe ulipiga magoti mbele ya mstari huo, ukavunja kishina kilichokauka, ukaniita, "Mama, njoo uone. Kuna mtu anaishi humu." Ndani ya kishina kulikuwa na nyuki mdogo mweusi, amejichimbia chumba chembamba kama bomba la kalamu, na nyuma yake watoto wake wamepangwa mmoja baada ya mwingine. Nimepita kando ya masale tangu nilipojifunza kutembea. Sikuwahi kuuvunja mshipi huo wa majani kuangalia ndani.

Nilisema, "Vizuri," nikarudi kwenye kahawa. Neno hilo moja lilinigharimu zaidi ya unavyodhani.

Tangazo la mkutano wa ikolojia lilipotoka, kwamba kila atakayekubaliwa ataonyesha kazi yake kwenye bango mbele ya watafiti, nilikuja na pendekezo langu nikiwa nimelipiga pasi kama shati la Jumapili.

"Tutume ikisiri moja," nilisema. "Jina langu litangulie. Habari yako ya masale iwe aya ndogo ndani yake."

"Lakini mama, mimi sikuhesabu kwenye kahawa."

"Ndiyo maana nimesema aya ndogo."

"Na swali langu ni jingine. Nataka kujua kama mashamba yenye masale yana viota vingi kuliko yale yaliyong'oa masale na kuzungusha seng'enge."

"Masale ni mpaka, Haika. Nani atapanda gari kwenda kusikiliza habari za mpaka?"

Ulicheka. "Basi nitume yangu peke yangu. Wakiikataa, umenishinda."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika ya kushinda. Nilikusaidia hata kusahihisha Kiingereza chako, nikajiona mkarimu kama mtu anayemfungia mshindani wake kamba za viatu. Nawe ukaliweka jina langu la pili kwenye ikisiri yako, bila kuniuliza, kwa sababu nilikuhesabia upande wa chini mvua zilipokaribia. Ya kwangu niliituma ikiwa na jina langu peke yake.

Majibu yalitukuta mjini, hospitali ya Mawenzi, tumempeleka bibi yako kliniki ya presha. Tulikuwa kwenye benchi. Simu yako ililia kwanza. Ulisoma, ukavuta kitenge cha bibi ukafunika uso, bibi akadhani umepata habari ya msiba.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Bibi. Wamenikubali."

"Sasa ndio unifunue kichwa mbele za watu?"

Ya kwangu iliingia tukiwa bado tunacheka. Walishukuru, wakasema nafasi ni chache. Nilikupa mkono, nikasema hongera, nikainuka kwenda kumwuliza muuguzi jambo kuhusu dawa za bibi ambalo nilikuwa nalijua tayari. Jioni mjomba wako alipita, akasikia habari yote, akasema, "Sasa humu ndani msomi tumwite nani, tusije tukakosea?" Bibi alimwambia anyamaze anywe chai. Wewe ulinitazama. Nadhani swali lako la jana ulilipata siku ile.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Hakuna aliyeisoma ikisiri yako kwa makini kama mimi, Haika. Walimu wako waliisoma wakitafuta uzuri wake. Mimi niliisoma nikitafuta kosa. Niliisoma kila wewe ulipokwenda kuchota maji, na nikalipata, na kosa hilo ni la kwangu.

Pale unapoandika kwamba mashamba yenye masale mazito yalikuwa na viota vingi kuliko ya seng'enge, umeyaingiza mashamba manne ya kwa Mzee Anaeli, kule chini karibu na mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Yale niliyahesabu mimi. Nilisimama njiani, nikaona vipande vinne, kila kimoja na nyumba yake, na kahawa yake, na masale yake yaliyoshikana. Nikaandika mashamba manne. Nilikagua vishina vya upande wa njia tu, kwa sababu hakukuwa na mtu uani wa kunikaribisha, na sikuwa tayari kuvuka isale la mtu bila kukaribishwa. Niliona nafanya heshima. Wewe ungeingia, ungeita, ungekalishwa, ungepewa ndizi, na ungejua.

Wiki moja baada ya ile siku ya Mawenzi nilishuka huko nikiwa na hasira, natembea tu. Nilimkuta mke wa mtoto mkubwa wa Mzee Anaeli akipenya kwenye mwanya wa masale na ndoo ya mbolea kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Leo umesogea karibu. Siku ile nilikuona kwa dirishani, nikadhani unahesabu kodi ya serikali."

"Nilikuwa nahesabu nyuki. Mbolea unaipeleka wapi?"

"Kwa shemeji. Kesho ni zamu ya yule wa bondeni."

"Kila nyumba haina ng'ombe wake?"

"Ardhi tuligawana, ng'ombe tukashindwa." Akacheka mpaka akashika ndoo. "Wanafuga zizi moja. Maji ni ya mfongo mmoja. Hata dawa ya kahawa anapulizia huyu mume wangu kote, maana wenzake wanasema inawaumiza kifua. Masale haya ni ya kuwapumzisha wanaume maneno tu."

Nilisimama pale nikiwa nimejua mara moja maana yake. Mbolea moja, maji mamoja, mkono mmoja wa kupulizia dawa. Kwa mtu anayetafuta sababu ya nyuki kuwapo au kutokuwapo, yale si mashamba manne. Ni shamba moja lililokatwa kwa majani. Umelihesabu mara nne, na mara zote nne upande wa masale, kwa hiyo tofauti unayoionyesha imevimba. Na jambo linaloniumiza ni kwamba sikuhitaji kuambiwa. Mzee Anaeli alipozikwa wewe ulikuwa hujaanza shule, lakini mimi nilikuwepo. Niligawa sahani. Niliwaona wale ndugu wakipanda yale masale mbele ya wazee, na mama yao amesimama kati yao. Nilikijua kile kihamba kikiwa kimoja. Nilipokwenda na kalamu ya utafiti nikauamini mpaka kuliko nilivyowaamini watu.

Nilirudi nyumbani nikikusudia kukwambia. Nilikukuta umekaa kizingitini unamsomea bibi ikisiri yako kwa Kiswahili, unaitafsiri papo hapo, naye anakukatiza kila sentensi: "Huyo nyuki ana jina?" Ulikuwa unang'aa. Nikapita, nikasema nimechoka. Siku iliyofuata nikasema nitakwambia Jumapili. Jumapili ikapita.

Nikueleze nilichokuwa nakifanya badala ya kukwambia, kwa sababu hutakipata kwa mtu mwingine. Nilikuwa naitazama picha. Ndani ya picha hiyo umesimama mbele ya bango lako, na bwana mmoja mwenye miwani anainama, anasoma, anakuuliza kwa upole, "Ulijuaje kwamba haya ni mashamba tofauti?" Nawe unakosa jibu. Katika picha hiyo mimi niko pembeni nimevaa ile suti yangu ya kijani, na ninasogea, na ninamjibu kwa Kiingereza kizuri kuliko ninachokijua. Watu wananigeukia. Niliirudia picha hiyo nikikamua ng'ombe, nikifua, hata kanisani wakati wa matangazo. Kila mara nilikuwa nasogea mimi, na kila mara wewe ulikuwa umenyamaza.

Jana uliponiuliza, ni picha hiyo niliyoiona, na ndiyo iliyonitoa jikoni na panga mkononi.

Sikwambii haya ili unionee huruma, na nakuomba sana usinionee. Wala sitakuahidi kwamba wivu umekwisha. Leo asubuhi ulipokuwa unajaribu viatu vyako vipya nilivionea wivu viatu. Ninakuonea wivu unavyoingia nyumba za watu, unavyouliza bila kwanza kujipanga, unavyoweza kusema "sijui" mbele ya yule Daktari, mtafiti atakayekufundisha huko, na yeye akafurahi. Mimi nikisema sijui najisikia nimerudishwa kidato cha tano. Huenda hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko hata la masale: nimeishi nikijiandaa kwa mtihani, na wewe umekua ukitazama vitu.

Lakini kuna jambo nimelipata humu ndani ya wivu, na linaweza kukufaa huko uendako. Wanaokupenda watasoma kazi yako na kukupigia makofi. Siku moja ataisoma mtu anayekuonea wivu, na atakuwa amekaa na kila sentensi yako mpaka ameijua kuliko wewe. Usimchukie kabla hujamsikiliza. Mwache aseme kosa alilolipata, ulipime, kisha ndipo umchukie ukitaka. Na wewe nawe, siku utakapokaa kusoma kazi ya mwenzako huku moyo umekunja ngumi, jiulize tu kama kosa uliloliona ungemwambia leo, au ungemngojea nalo ukumbini. Mimi nilikungojea nalo ukumbini. Nimekungojea nalo nikiwa mama yako.

Nimeamua hivi. Kesho ukishaondoka nitashuka tena upande wa chini, na Ijumaa pia. Safari hii nitabisha hodi, nitaingia, nitakaa nitakapoambiwa nikae, nitauliza nani anamwagilia na nani anapulizia, na nitakagua masale kwa ndani na nje. Si kwa Mzee Anaeli peke yake. Inawezekana yapo mengine kama hayo, kwa sababu yote ya upande ule niliyahesabu kutoka njiani. Nitakuletea hesabu mpya.

Sijui itasema nini. Inawezekana tofauti ikapungua lakini ikabaki. Inawezekana ikapungua mpaka kusiwe na cha kusimulia, na hapo itabidi uandike kwamba hukuona tofauti, au uiandikie kamati kwamba unaiondoa ikisiri yako. Hayo utaamua wewe. Jina lako ndilo la kwanza. Sitakwambia ufanye nini hata ukiniuliza, kwa sababu sina hakika kwamba shauri langu litakuwa safi. Lakini hesabu itakuwa safi. Hilo naweza.

Jina langu liache pale pale la pili ulipoliweka. Nilitaka kukuomba uliondoe, nikijifanya mnyenyekevu, kisha nikaona huo nao ni ujanja, maana kosa likiwa limebaki ndani na jina langu halimo, aibu yote ingekuwa yako. Na mwakani nitatuma tena ya kwangu, ya kahawa, nikiwa nimeirekebisha. Usiisome kwa huruma. Isome kama nilivyoisoma ya kwako.

Najua ningeweza kukwambia haya leo usiku mezani. Ningeanza, bibi yako angesema tule kwanza, wewe ungesema "haina shida, mama," haraka haraka, kama unavyosema ukitaka nisiumie, na mimi ningeipokea hiyo "haina shida" nikalala nayo vizuri. Nataka uisome mahali ambapo hulazimiki kunijibu, kwenye chumba chako, mlango ukiwa umefungwa. Kasirika huko. Una siku nzima ya Ijumaa.

Kisha tukutane. Kutoka kwako Arusha na kutoka kwangu huku Mwika, Bomang'ombe ni karibu katikati, na pale hakuna anayeniita Mama Haika wala anayekuuliza matokeo. Ng'ambo ya soko kuna steshenari yenye intaneti na meza mbili nje, ile tuliyochapishia picha zako za pasi. Njoo na kompyuta yako na ikisiri. Mimi nitakuja na hesabu mpya, na tutakaa mpaka iwe imekamilika au mpaka useme basi. Kama utakuja umekasirika, njoo hivyo hivyo. Kama hutaki kusalimiana, tuanze moja kwa moja na kwa Mzee Anaeli.

Nitashika meza ya upande wa kivulini na nitaagizia chai, ya kwako bila tangawizi. Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Mama yako